Ghala ndani ya boneti: kisa cha Noah iliyolala Tabata

Noah yenyewe, lile gari la Toyota, ni ya kawaida, hakuna mtu wa Dar asiyeijua. Ilikuwa imeegeshwa uani, chini ya mti wa mkungu, kwenye nyumba ya wapangaji huko Tabata. Mwenye gari, dada mmoja mwajiriwa, aliondoka kwenda Bukoba kumuuguza mama yake kabla masika hayajashika kasi, akarejea mvua zimekatika. Akakuta betri imekufa. Wakaliamsha kwa betri ya gari jingine na injini ikawaka, lakini ikawa inamisi, yaani inakatakata badala ya kuunguruma sawasawa. Taa ya injini ikang'ang'ania kwenye dashibodi, na alipofungulia AC, harufu ya mkojo ikajaa ndani mpaka akashuka.

Fundi wa kwanza alibadilisha plagi. Plagi hazikuwa na kosa lolote. Fundi wa pili, ambaye ni fundi umeme, kabla hata ya kuchomeka mashine ya kupimia aliuliza gari limelala muda gani na limelala wapi. Alipojibiwa, akafungua boksi la ea klina, yaani chujio la hewa ya injini. Chujio lilikuwa limetobolewa katikati, na upande wa chini boksi lilikuwa limesheheni chakula. Hapo ndipo aliponipigia simu, maana kazi yangu ni fumigesheni na tumeshakutana kwenye magari mengine ya namna hii.

"Kaka, kuna duka zima humu ndani. Nimwage?"

Nikamwambia asimwage hata punje moja mpaka nifike.

Naandika kisa hiki kwa sababu kila niliyemsimulia aliniuliza jambo lile lile: sumu gani nzuri? Mimi nadhani kuna swali linalotakiwa kutangulia, nalo ni kwamba kile chakula kilitoka wapi. Panya hali gari. Hata waya anazitafuna tu, hashibi kwazo. Gari lililosimama kwake ni makazi, na chakula anakifuata kwingine kila usiku na kurudi nacho. Kwa hiyo lile ghala alilolijaza ni risiti ya manunuzi yake, na mtu akiisoma vizuri anajua duka liko wapi. Bahati mbaya ni kwamba mafundi wengi huishikia risiti hiyo hewa ya kompresa na kuipeperusha gereji nzima kabla mtu hajaitazama.

Tulikitandaza chakula kile juu ya gunia kuukuu. Fungu kubwa kabisa lilikuwa mahindi meupe, mazima, na mengi yalikuwa yameliwa kiini tu, wanga umeachwa. Zilikuwepo karanga zenye maganda yake. Zilikuwepo kungu, nyingine nzima, nyingine kokwa lake limetobolewa pembeni kwa ustadi na mbegu ya ndani kutolewa. Kulikuwa na mbegu za ubuyu zilizobakiwa na ile rangi nyekundu inayowapaka watoto midomo, vichwa vichache vya samaki wa kukaanga, na kipande cha sabuni ya mche chenye alama za meno. Sabuni isimshangaze mtu. Ina mafuta, na panya huiiba mara nyingi kuliko jibini ya kwenye vibonzo.

Kiota kilikuwa pembeni ya ghala, kimefumwa kwa sponji iliyochanwa chini ya boneti, karatasi ya chujio, na nyuzi laini za mifuko mbadala. Tangu Serikali ipige marufuku mifuko ya plastiki Juni 1, 2019, viota vya panya wa mjini navyo vimebadilika malighafi. Mifuko hii mipya inachambuka kuwa kama pamba, na kwa panya anayetaka kuzaa ni neema tupu.

Mlinzi wa nyumba hakuwa na shaka: huyo ni panya buku. Hoja yake haikuwa ya kupuuzwa, kwa sababu kwa kuweka akiba hakuna panya wa kwetu anayemshinda buku. Ana mifuko ya mashavu anayoijaza chakula na kwenda kukimwaga shimoni. Ni jamii hiyo hiyo ya panya ambao shirika la APOPO huwafundisha pale Chuo Kikuu cha Kilimo Sokoine, Morogoro, kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, alitunukiwa medali ya dhahabu na PDSA, taasisi ya tiba ya wanyama ya Uingereza, mwaka 2020 kwa kazi aliyoifanya Kambodia. Lakini buku ni mnyama wa shimo. Hujichimbia chini na akiba yake huiweka huko huko, na uani pale hatukuona shimo la kumtosha. Isitoshe, kinyesi kilichokuwa juu ya betri na kwenye mbavu za boksi kilikuwa chembamba, chenye ncha kali pande zote mbili, urefu wa kama sentimita 1. Cha buku ni kikubwa zaidi ya hapo, na cha yule panya mnene wa mitaroni ni butu na kinakaribia sentimita 2. Huyu alikuwa panya wa darini, mwembamba, mwenye mkia mrefu kuliko mwili na kipaji cha kupanda.

Kwa nini basi panya wa darini aache dari na kuhamia kwenye gari? Jibu alilitoa mwenye nyumba mwenyewe bila kujua kama analitoa. Nilimwamkia, akaitikia, tukazungumza ya mvua, naye akaeleza kwa fahari kwamba mwaka huu haijavuja hata tone. Muda mfupi kabla ya masika alikuwa amebadilisha mabati na kuziba mianya yote ya dari. Kazi safi kabisa. Ila aliziba kabla hajawatoa waliokuwamo, au aliziba wakati wako nje wanatafuta riziki, na wakirudi wanakuta mlango umefungwa. Mvua inakuja, na hatua chache kutoka ukutani limesimama gari lisilowashwa, lenye chumba kikavu, cha giza, kilichoinuka kutoka chini, chenye tundu moja la kuingilia. Mimi ningekuwa panya ningehamia hapo hapo.

Hilo ni jibu la makazi. La chakula lilikuwa limeshazua ugomvi.

Nyuma ya ukuta wa uani kuna mama anayefuga kuku wa mayai. Wapangaji walishaamua kwamba panya wanatoka kwake, na mwenye gari, akiwa na hasira ya harufu ile, alikuwa ameshafika kwa mjumbe kumlalamikia. Mimi nilikwenda bandani kwa yule mama na kumsalimu. Kabla sijaeleza kilichonileta akasema, "Mwanangu, najua umetumwa. Ingia uangalie mwenyewe, sifichi kitu." Nikaangalia. Kuku wake wanakula chakula cha kuchanganya: pumba za mahindi, mashudu ya alizeti, dagaa waliosagwa, chokaa. Vyote ni unga, na akiba anaihifadhi kwenye mapipa yenye vifuniko.

Hapa kuna jambo la tabia ya panya ambalo watu wengi hawalijui, na ndilo lililoamua kesi. Panya akikuta kitu kidogo cha kumalizika haraka, hukila palepale. Akikuta kikubwa kinachohitaji muda kukitafuna, hukibeba hadi mahali anapojiona salama, kwa sababu kila sekunde anayokaa wazi ni nafasi ya paka au bundi. Pumba hazibebeki. Ukikuta ghala la panya limejaa mahindi mazima na karanga za maganda, ujue amefika mahali penye mahindi mazima na karanga za maganda, na kwa yule mama hapakuwa na hata punje. Sisemi banda lake halina panya. Sijaona banda la kuku jijini lisilo nao, na panya anayekula pumba haachi risiti. Ninachosema ni kwamba shehena iliyokuwa ndani ya Noah haikutoka kwake, na kumpeleka mtu kwa mjumbe kwa mahindi ambayo hana ni kumwonea.

Mahindi yalikuwa upande wa huku huku. Pembeni ya maegesho kuna stoo ya pamoja, na ndani ya stoo mpangaji wa chumba cha mwisho alikuwa ameweka gunia alilonunua Kibaigwa alipopita Dodoma, pamoja na kiroba cha karanga. Si mzembe. Mahindi alikuwa ameyatia kwenye ule mfuko wa kinga njaa, wenye plastiki ya ndani inayobana hewa ili dumuzi na fukusi wafe. Mfuko ule kwa wadudu ni mzuri kweli kweli. Kwa meno ya panya ni plastiki kama plastiki nyingine. Gunia lilikaa chini sakafuni, limeegemea ukuta, na ukilitazama kwa mbele limejaa, limesimama wima, limefungwa vizuri. Tulipolivuta, kona ya chini upande wa ukutani ilikuwa imetobolewa tundu la kupitisha ngumi, na nyuma yake mahindi yamemwagika mpaka kwenye nyufa za sakafu. Mwenyewe alishika kichwa. Alikuwa anachota kwa juu kila wiki na hajawahi kulisogeza.

Kutoka stoo hadi kwenye gari njia ilionekana wazi, ukijua cha kutafuta. Panya hupita njia moja kila siku akigusisha manyoya ukutani, na mafuta ya mwili wake huacha mstari wa rangi ya masizi. Mstari ule ulitoka chini ya mlango wa stoo, ukapita nyuma ya kibaraza ambapo watoto hukaa jioni na ubuyu wao, ukaishia usawa wa tairi la mbele. Kwa hiyo zile mbegu nyekundu aliziokota njiani. Kungu zilimdondokea kutoka juu, mara nyingine zikiangushwa na popo wanaokula nyama ya tunda usiku na kuacha kokwa. Na vichwa vya samaki ni vya sahani ya paka, ambaye nilimkuta amelala juu ya paa la gari lile lile, ameshiba. Watu humsifu paka kupita uwezo wake. Watoto wa panya atawakamata, lakini panya mzima anayejua njia zake wanaheshimiana naye, hasa kama sahani inajazwa kila siku.

Kuhusu waya. Fundi alikuta waya za nozeli mbili, zile zinazopulizia mafuta ndani ya injini, zimekatika na waya wa sensa ya oksijeni umebaki shaba tupu. Ndiyo maana injini ilikuwa inamisi na plagi mpya hazikusaidia kitu. Meno ya mbele ya panya hayaachi kukua. Kwa mwaka mmoja yangefika zaidi ya sentimita 10 kama yasingesuguliwa, kwa hiyo lazima atafune, na ganda la waya lina ugumu wa kumridhisha. Kijiweni kwa mafundi utasikia kwamba magari ya siku hizi yanaliwa kwa sababu waya zake zimetengenezwa kwa soya. Huko Marekani wenye magari waliwahi hata kuwafungulia watengenezaji kesi kwa madai hayo. Binafsi sioni haja ya soya kueleza jambo hili, maana panya walitafuna waya, mabomba ya risasi na mbao miaka mingi kabla yake. Honda huuza tepu ya kuzungushia waya iliyotiwa ukali wa pilipili, na ukiipata haina ubaya. Lakini inalinda pale ilipofika tu, na waya wa gari ni mrefu.

Nilichomsifia fundi huyu ni namna alivyounga. Hakusokota shaba na kuzungushia selotepu, jambo ambalo kwa waya wa taa linaweza kupita lakini kwa waya wa sensa linakurudisha gereji mwezi ujao. Alilehemu kila kiungo, akakivalisha ule mpira unaosinyaa kwa moto, kisha akaurudisha mkanda mzima wa waya ndani ya bomba lake. Alitoa pia manyoya ya sponji yaliyokuwa yameanguka karibu na menifodi, ile sehemu ya bomba la moshi inayopata moto mkali. Hayo ndiyo yaliyonitisha mimi kuliko waya. Gari lingesafiri na mzigo ule hadi Kibaha kwenye foleni na jua, ule mtungi wa zimamoto ambao trafiki huuliza huenda ungepata kazi.

Usafi ulikuwa na masharti, na mwenye gari aliona tunakuza mambo mpaka nilipomtajia homa ya mgunda. Julai 2022 Serikali ilitangaza mlipuko wake huko Ruangwa, Lindi, na watu walikufa. Bakteria wake hutoka kwenye mkojo wa wanyama, panya wakiwemo, na huingia kwa binadamu kupitia mchubuko, macho au mdomo. Kwa hiyo kiota cha panya hakifagiliwi kikavu, na hakipulizwi kwa kompresa. Tulivaa glavu na barakoa, tukalowesha kila kitu kwa jiki iliyochanganywa sehemu 1 kwa sehemu 9 za maji, tukasubiri, kisha tukaokota kwa taulo za karatasi na kufunga ndani ya mifuko miwili. Kwenye soketi za umeme jiki haikugusa kabisa, kwa sababu inakula chuma. Hapo fundi alitumia spirit. Chujio la AC lilitupwa, na feni yake ikashushwa na kuoshwa, maana harufu ilikuwa imelala humo.

Sasa sumu. Mwenye gari alikuwa ameshanunua kwa machinga ile chupa ndogo isiyo na lebo, inayonadiwa kwa spika kwamba panya anafia hapo hapo. Nilimwomba anipe niihifadhi mbali na watoto. Kitu ambacho hakina jina, daktari hawezi kukitafutia dawa mtoto akikinywa. Sumu za panya zilizosajiliwa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, zipo, na nyingi kati ya hizo huzuia damu kuganda. Zinafanya kazi, ila panya hafi papo hapo, anakufa baada ya siku kadhaa, na anakwenda kufia anapoishi. Anayeishi ndani ya Noah atafia ndani ya Noah, nyuma ya dashibodi, mahali ambapo kumtoa ni kufumua nusu ya gari. Paka au bundi akimwokota kabla, naye yuko hatarini. Mpangaji mmoja alipendekeza vidonge vya fostoksini vinavyowekwa kwenye maghala ya nafaka. Hilo nililikataa kwa sauti. Gesi yake imeshaua watu waliolala chumba cha jirani na ilipotumika, na juu ya hayo inakula shaba, yaani unaua panya na waya ulizotoka kulehemu. Nafutalini wala sikuijadili sana. Panya huizoea, na anayebaki kuumwa kichwa ni dereva.

Tulitumia mitego ya kubana, ya kawaida kabisa, iliyopangwa kando ya ukuta kwenye ule mstari wa masizi. Usiku wa mwanzo iliwekwa chambo bila kutegwa, kwa sababu panya huogopa kitu kigeni na ukitega siku ya kwanza unamfundisha kuukwepa. Chambo kilikuwa nazi iliyochomwa na karanga, kwani ghala lilishatuambia wanapenda nini. Lakini jambo la kwanza kabisa, kabla ya mtego wowote, lilikuwa kuhamisha mahindi. Gunia likiwa bado lina tundu, nazi yako inashindana na kilo 100 za mahindi, na utashindwa. Mpangaji alinunua pipa la plastiki lenye mfuniko wa kukaza, lililowekwa juu ya chaga mbali na ukuta. Nyufa za sakafu zikafagiliwa na kuzibwa kwa sementi. Sahani ya paka ikawa inaondolewa jioni.

Waliingia mitegoni jike mmoja mkubwa na vijana kadhaa waliokaribia kupevuka, jambo lililoeleza ukubwa wa ghala. Jike wa panya huyu hubeba mimba kwa wiki 3 tu, na masika ni marefu vya kutosha kwa uzao zaidi ya mmoja.

Mkungu ulileta mjadala mrefu kuliko mambo mengine yote. Mimi nilitaka matawi yanayolalia ukuta yakatwe, na mwenye nyumba akakataa katakata. "Kijana, mti huu ndiyo sebule yetu. Ukiukata tukae wapi?" Sikuwa na jibu zuri kwa hilo. Tukakubaliana shina livishwe mkanda wa bati laini, mpana kiasi cha nusu mita na juu ya usawa wa kiuno, ambalo kucha za panya haziwezi kulishika, na yapunguzwe matawi yale tu yanayogusa ukuta na paa. Kwenye gari fundi aliweka wavu wa chuma wa matundu yasiyozidi milimita 6 pale hewa ya AC inapoingilia chini ya waipa. Kwenye mdomo wa ea klina sikushauri wavu mdogo kiasi hicho, kwa sababu vumbi la Dar likiuziba injini inakosa hewa.

Swali la nani alipe lilirudi kwa mjumbe. Mwenye gari alitaka mwenye gunia achangie waya. Mjumbe akauliza kama gunia lilikatazwa kukaa stoo, akaambiwa hapana. Akauliza kama kuna aliyeombwa kuliwasha gari mara moja moja wakati mwenyewe yuko Bukoba, akaambiwa hapana pia. Kila mtu akabeba la kwake: mwenye gari waya na ea klina, mpangaji pipa, mwenye nyumba bati na sementi. Yule mama wa kuku aliombwa radhi, akapokea, na kesho yake akaleta trei ya mayai. Aliwauzia kwa bei ile ile ya dukani.